Kalamu Sahili na Kalamu Changamano: Historia ya Mjadala wa Vihariri vya Kompyuta na Funzo Lake kwa Walimu wa Kigali

Utangulizi

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Kwa methali hiyo walimkemea mtu apotezaye asubuhi nzima akilinganisha mipini ilhali jua linapanda na shamba linamngoja. Hata hivyo, mkulima yeyote wa nchi hii ya milima elfu anajua kwamba jembe la bondeni, penye udongo laini na maji, si lazima liwe ndilo jembe la mteremkoni penye mawe. Kuna kuchagua kwa uvivu, na kuna kuchagua kwa kulijua shamba.

Tumeikumbuka methali hii kwa sababu ya mjadala ambao umedumu miongoni mwa watunga programu za kompyuta kwa muda wa nusu karne. Mjadala wenyewe unahusu kihariri, yaani programu ya kuandikia, kusomea na kusahihishia maandishi matupu: herufi peke yake, bila mapambo ya wino mzito, ukubwa wa maandishi wala mpango wa ukurasa. Kihariri kisichanganywe na programu ya kuchapia barua na vitabu, ambayo hushughulikia pia sura ya ukurasa. Kihariri ndicho kalamu ya mtunga programu. Huanza nacho kazi asubuhi na kukifunga usiku. Basi watu hawa wamegawanyika pande mbili. Wako wasemao kwamba kihariri chema ni kile kidogo, chenye kazi chache, kisichomsumbua mtu. Na wako wasemao kwamba kihariri chema ni kile chenye kila kitu, ili mtu asihitaji kutoka ndani yake. Sisi, kwa kufuata istilahi za sarufi tunazozifundisha kila siku, tutaviita vihariri sahili na vihariri changamano.

Msomaji aweza kuuliza: mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na ugomvi wa mafundi? Jibu letu ni kwamba mafundi hao sasa ni wanafunzi wetu. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Katika miaka hiyo hiyo Kigali ilijitahidi kuwa mji wa kompyuta. Taasisi ya sayansi na teknolojia iliyojulikana kwa jina la KIST ilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 2013 ikaunganishwa na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2008 serikali ilianza kugawa kompyuta ndogo za XO katika shule za msingi, na kwa miaka iliyofuata zikagawiwa zaidi ya 200,000. Kijana wa Nyamirambo au Kimironko leo aweza kusoma ngeli za nomino asubuhi na utungaji wa programu jioni. Naye mwalimu wake huandaa orodha za msamiati, mitihani na kamusi ndogo za darasa kwa kutumia kompyuta. Kwa hiyo swali la kalamu ipi apewe mwanafunzi kwanza limekuwa swali letu sote.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mjadala huo ulivyoanza, jinsi ulivyofika hata Afrika ya Mashariki, na kisha kuonyesha kwamba aghalabu swali lenyewe huulizwa vibaya.

Uhaba ndio uliozaa ufupi

Mwaka 1969, katika maabara za Bell Labs huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson aliandika kihariri kiitwacho ed, kikiwa sehemu ya mfumo mpya wa Unix. Watu wa wakati huo wengi hawakuwa na kioo cha kutazama. Walikaa mbele ya teletaipu, mashine iliyopiga herufi juu ya karatasi, na aina iliyoenea sana ilipiga herufi 10 tu kwa sekunde moja. Kila neno ambalo kompyuta ilimjibu mtu lilikula muda na karatasi. Kwa sababu hiyo ed ilifundishwa kunyamaza. Mtu akikosea, haikumweleza kosa lake. Ilimpigia alama moja tu ya kuuliza, basi. Amri zake zilikuwa za herufi moja moja, na mtu alitakiwa kuyashika maandishi yake kichwani, kwa kuwa hakuyaona isipokuwa aliyoomba yapigwe chapa.

Ukimya huo baadaye ulisifiwa kama hekima. Huenda ni hekima kweli, lakini yafaa tukumbuke kwamba chanzo chake kilikuwa uhaba. Teletaipu ilikuwa ya polepole, na kihariri kikaumbwa kulingana na upole huo.

Miaka michache baadaye viooo vya kuandikia vilianza kuenea, na watu wakaanza kuona kuwa ed ni kali mno. Mwaka 1976 George Coulouris wa Chuo cha Queen Mary, London, alitengeneza kihariri alichokiita em, akieleza kwamba ni kihariri cha binadamu wa kawaida. Maana yake ni kwamba ile ed aliiona kuwa ni ya viumbe wasiokufa. Mwaka huo huo alizuru Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na mwanafunzi mmoja, Bill Joy, akakiona kihariri hicho na kuvutiwa nacho. Joy na mwenzake Chuck Haley walianzia hapo wakatengeneza kihariri cha ex, na Joy akakiongezea sura ya kuonekana kiooni ambayo ulimwengu umeijua kwa jina la vi.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa historia angelipenda. Joy alifanya kazi nyingi akiwa nyumbani, akiwa ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa njia ya simu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30. Kioo cha kawaida kilikuwa na mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, jumla herufi 1,920. Tukigawanya, tunaona kwamba kukijaza kioo kimoja tu kulichukua zaidi ya dakika moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kupoteza hata herufi moja. Ndiyo sababu amri za vi ni fupi kama pumzi: herufi moja hufuta, nyingine husogeza, nyingine hurudia. Hata herufi h, j, k na l, ambazo hadi leo hukisogeza kielekezi katika vi, zilichaguliwa kwa kuwa katika mashine aliyoitumia Joy, iitwayo ADM-3A, mishale ya kuongozea ilichorwa juu ya vibonye hivyo. Vijana wanaojifunza herufi hizo leo hapa Kigali wanarithi vibonye vya mashine ambayo hawajapata kuiona.

Upande wa pili

Mwaka huo huo wa 1976, upande wa pili wa Marekani, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, kulikuwa na watu waliokuwa na neema. Kompyuta yao ilikuwa kubwa kwa kipimo cha siku zile, na vioo vyao viliunganishwa nayo kwa nyaya za kasi. Walikuwa na kihariri cha zamani kiitwacho TECO, kilichoanzishwa na Dan Murphy mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jambo la pekee katika TECO ni kwamba mtumiaji aliweza kuunganisha amri nyingi na kuzipa jina, zikawa amri mpya. Kila mtu akajitungia amri zake, hata ikawa vigumu kwa mtu kukaa mbele ya mashine ya mwenzake na kuandika. Guy Steele na Richard Stallman walizikusanya amri hizo na kuziweka katika utaratibu mmoja, na mkusanyo huo ukaitwa Emacs.

Fikra ya Emacs ilikuwa kinyume kabisa na ile ya ed. Kihariri hiki kilimwambia mtumiaji: nibadilishe upendavyo. Baadaye, katika GNU Emacs ambayo Stallman alianza kuisambaza mwaka 1985, sehemu kubwa ya kihariri iliandikwa katika lugha ya Lisp, nayo ikaachwa wazi ili mwenye kutaka aongeze lake. Watu wakaongeza. Wakaongeza usomaji wa barua, kalenda, michezo, hata programu ya kuigiza tabibu anayemhoji mgonjwa. Wapinzani wakacheka, wakasema kwamba herufi za jina lake ni kifupi cha maneno yasemayo kwamba hula megabaiti nane za kumbukumbu na bado haishibi. Siku hizo megabaiti nane zilikuwa mali.

Kati ya Emacs hizi mbili ilikuwapo ya tatu, nayo inatugusa sisi watu wa Kigali kwa namna ya pekee. Mwaka 1981 James Gosling, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, aliandika Emacs iliyofanya kazi juu ya Unix. Baadaye aliikabidhi kwa kampuni iliyoiuza, na Stallman, aliyekuwa amechukua sehemu ya maandishi yake, akalazimika kuyaandika upya. Tangu hapo, juu ya swali la wepesi na uzito likawekwa swali jingine: kalamu ni mali ya nani? Carnegie Mellon hiyo hiyo ndiyo iliyotia saini mwaka 2011 mkataba na serikali ya Rwanda wa kufungua tawi hapa Kigali, ambako vijana kutoka nchi nyingi za Afrika husomea shahada za uzamili. Basi mmoja wa mizizi ya mjadala huu uko katika chuo ambacho tawi lake tunaweza kuliona kwa macho yetu.

Upande wa usahili nao haukunyamaza. Mwaka 1983 Rob Pike wa Bell Labs alihutubia mkutano wa watumiaji wa Unix, akatoa mfano wa programu ndogo ya cat, ambayo kazi yake ni kuunganisha faili. Watu walikuwa wameiongezea kazi ya kuonyesha herufi zisizoonekana. Pike alisema kuwa kazi hiyo ni njema, lakini si ya cat. Ingepewa programu yake yenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kila programu ifanye jambo moja na kulifanya vizuri, kisha programu zishirikiane. Ni hoja nzuri. Lakini msikilizaji makini angeuliza: je, anayejua programu ishirini ndogo na namna ya kuziunganisha, mzigo wake ni mwepesi kuliko wa anayejua programu moja kubwa? Uzito haukutoweka, umehamishwa kutoka katika programu na kutiwa katika kichwa cha mtumiaji.

Mholanzi aliyekwenda Kibaale

Sasa tuje nyumbani. Mholanzi Bram Moolenaar alinunua kompyuta ya Amiga, akakosa vi ya kutumia juu yake. Akachukua kazi iliyokuwa imefanywa na wengine ya kuiga vi, akaiendeleza, na mwaka 1991 akaitoa kwa watu wote kwa jina la Vim. Mwanzoni jina hilo lilikuwa na maana ya mwigo wa vi. Baadaye likapewa maana ya vi iliyoboreshwa. Mabadiliko hayo ya maana yanasimulia habari yote: chombo kilichoanza kwa kuiga usahili kikageuka kuwa chombo cha kuuzidisha.

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Uganda kujitolea, akakaa katika mji mdogo wa Kibaale, kusini mwa nchi hiyo, katika wilaya ya Rakai, magharibi ya Ziwa Viktoria na karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai ni miongoni mwa sehemu za kwanza za Afrika Mashariki kutambuliwa kuwa na ugonjwa wa UKIMWI mwanzoni mwa miaka ya 1980, na iliachwa na mayatima wengi. Kituo cha watoto cha Kibaale kilisomesha watoto hao, na Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi. Aliporejea Uholanzi alishughulika na mfuko wa kukisaidia kituo. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: akaitoa Vim bure kwa kila mtu, akiwaomba wenye uwezo wawachangie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi kila aliyefungua Vim bila faili, akiwa Tokyo, Chicago au Kigali, alilakiwa na kioo kitupu chenye ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62.

Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu mara nyingi watu wetu huamini kwamba zana hizi zimeshuka kutoka mbali na hazina habari nasi. Hapa pana zana ambayo kwa muda wa kizazi kizima imebeba jina la nchi jirani mbele ya mamilioni ya watu, nao waliipokea kama kalamu tu.

Ama kuhusu mjadala wetu, Vim inatoa ushahidi mzito. Katika maelezo yake Moolenaar aliandika kwa miaka mingi kwamba Vim haikusudiwi kuwa mfumo wa uendeshaji, na kwamba mtu asitazamie kuendesha ndani yake programu ya kupokea amri za kompyuta. Lakini watumiaji walizidi kuomba. Mwaka 2014 kundi jingine likaanzisha Neovim ili mabadiliko yaende kasi zaidi, na mwaka 2018 Vim yenyewe, katika toleo la 8.1, ikafungua ndani yake dirisha la kupokea amri hizo. Haikuwa udhaifu wa mtu mmoja. Hata Notepad, kile kihariri kitupu kilichokuwamo katika Windows tangu mwaka 1985, kiliongezewa ukaguzi wa tahajia mwaka 2024. Chombo sahili kikipendwa na wengi, kila mmoja hutaka kukiongezea haja yake moja tu. Na haja moja moja za watu elfu ni haja elfu.

Ukaguzi wa tahajia na ritifaa ya ng'ombe

Je, nyongeza hizo ni anasa? Hapa ndipo mwalimu wa lugha ana neno la kusema ambalo watunga programu wa Marekani hawakulisema.

Mwaka 2006 Vim, katika toleo la 7, ilipata uwezo wa kukagua tahajia. Wapenda usahili walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kihariri cha programu kijishughulishe na tahajia. Lakini miongoni mwa lugha ambazo faili zake za tahajia ziliwekwa tayari mlikuwa na Kiswahili na Kinyarwanda. Kwa mtu ambaye lugha yake ina programu mia za kuikagua, hiyo ni nyongeza ya ovyo. Kwa mwalimu ambaye amezoea kuona ukurasa wake mzima ukipigiwa mistari myekundu kana kwamba kila neno la Kiswahili ni kosa, hiyo ni heshima.

Tena kazi yenyewe si nyepesi. Lugha zetu hazikaguliki kwa orodha ya maneno peke yake. Neno "hawatakusaidia" lina viambishi vinne kabla ya mzizi: ha-, -wa-, -ta- na -ku-. Mnyarwanda husema "ntibazagufasha", nalo limejengwa kwa mpango ule ule: nti-, -ba-, -za- na -gu-, kisha mzizi. Kitenzi kimoja hutoa mamia ya maumbo. Anayetaka kuyaandika yote katika orodha atachoka kabla ya kumaliza herufi A. Hapana budi programu ijue kanuni za viambishi, na programu inayojua kanuni ni changamano kuliko inayojua orodha. Hivyo basi, usahili unaotosha kwa Kiingereza hautoshi kwa Kiswahili. Tusemapo kwamba chombo fulani ni sahili, tunapaswa kuongeza: kwa lugha ipi?

Hata hivyo, tusiegemee upande mmoja. Tumepata kuandaa hapa Kigali, pamoja na wenzetu, orodha ya msamiati wa wanyama na mazao kwa ajili ya madarasa ya mwanzo. Baadhi yetu walichapa sehemu zao kwa programu ya kuchapia barua, na wengine kwa kihariri kitupu. Sehemu zote zilipounganishwa na kupangwa kwa alfabeti, tulishangaa kumkuta ng'ombe mara mbili. Tuliyatazama maneno hayo kwa makini, yakawa sawa herufi kwa herufi. Kisa chake kilikuwa ritifaa. Kihariri kitupu kiliiacha ritifaa iliyonyooka kama ilivyochapwa; ile programu ya barua, kwa kutaka kupendeza, iliigeuza kimyakimya kuwa alama iliyopinda. Machoni pa mtu ni alama moja, lakini kwa kompyuta ni alama mbili zenye namba mbalimbali. Ng'ombe mmoja akawa wawili, na ng'ambo, ng'oa na mang'amung'amu vivyo hivyo. Fikiria basi hali ya Kinyarwanda, ambamo ritifaa hutokea karibu katika kila mstari, kama vile katika "Repubulika y'u Rwanda". Kazi ya siku mbili ilirudiwa kwa sababu ya msaada ambao hakuna aliyeuomba.

Kutokana na mambo haya mawili tunapata kipimo. Ukaguzi wa tahajia ni nyongeza kubwa, lakini huonyesha shaka yake na kumwachia mwandishi uamuzi. Tena katika Vim mwandishi akitaka kulikubali neno jipya, huliongeza katika faili yake mwenyewe, neno moja kwa kila mstari, ambayo mtu yeyote aweza kuifungua na kuisoma. Ugeuzaji wa ritifaa ni nyongeza ndogo mno, lakini hutenda bila kusema. Kwa hiyo ubaya wa chombo hauko katika wingi wa kazi zake. Uko katika kumficha mtumiaji yale yanayotendeka juu ya maandishi yake.

Hali ilivyo Kigali leo

Turudi darasani. Katika vyumba vya mafunzo vya mji huu vijana wengi huanza na Visual Studio Code, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 2015. Ni kihariri changamano kwelikweli: kimejengwa juu ya kiini kile kile cha kivinjari cha intaneti, na kina viongezo visivyohesabika. Hutia rangi maneno ya programu, hubashiri neno litakalofuata, hupigia mstari kosa kabla halijatendwa. Ikilinganishwa nayo, Emacs iliyochekwa zamani kwa ulafi wake huonekana mwembamba. Wenzetu wanaoipendelea husema kwamba ndiyo itumiwayo makazini, na kwamba haifai kumfundisha kijana kwa zana atakayoiacha.

Wengine husema kwamba kijana aanze na vi, ili ajue kazi bila mikongojo. Hoja yao ina nguvu moja ambayo si ya zamani. Mtunga programu wa Kigali mara nyingi husimamia kompyuta iliyo katika nchi nyingine, akiifikia kwa njia ya mtandao tu. Huko hakuna dirisha wala viongezo; aghalabu atakutana na vi, kwa sababu imo katika kanuni za pamoja za mifumo ya Unix, au na nano, kihariri kidogo kilichoanzishwa na Chris Allegretta mwaka 1999. Siku mtandao ukilegea, naye akawa na faili moja ya kusahihisha, hali yake haina tofauti kubwa na ya Bill Joy na njia yake ya herufi 30. Kihariri kilichoumbwa kwa ajili ya uhaba hurudi kuwa na maana pale uhaba unaporudi.

Lakini tusisahau jinsi vi inavyomtesa mgeni. Mtu huchapa herufi akitazamia zitokee kiooni, kumbe katika hali ya amri kila herufi ni amri; huenda akafuta mistari akidhani anaandika. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Chombo ambacho watu milioni moja hawajui mlango wake wa kutokea hakiwezi kuitwa sahili, hata kikiwa kidogo namna gani. Ni sahili kwa mashine na kwa bingwa. Kwa mgeni ni msitu. Kwa upande mwingine nano huandika amri zake chini ya kioo, mgeni akazisoma, lakini bingwa hulalamika kwamba humchelewesha.

Wale waliotengeneza kompyuta za XO kwa ajili ya watoto walilifahamu jambo hili. Mashine zao za awali zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu. Programu ya kuandikia waliyoiweka ilijengwa juu ya programu kubwa zaidi, AbiWord, lakini vibonye vyake vikapunguzwa ili mtoto aone vichache. Uzito ulikuwapo ndani. Machoni pa mtoto ulikuja wepesi. Huo nao ni uamuzi wa mwalimu, kwa kuwa mwalimu mwema hujua mengi kuliko ayasemayo katika somo la kwanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba vi ilizaliwa na njia ya simu ya polepole, na Emacs ikazaliwa na mashine kubwa. Tumeona pia kwamba kila kilichoanza kikiwa kidogo na kikapendwa, kimekua. Kwa hiyo swali la kipi ni bora, sahili au changamano, ni sawa na kumwuliza mwalimu wa sarufi ipi ni bora, sentensi sahili au sentensi changamano. Mwalimu huyo atajibu kwamba sharti kwanza ajue nani anasema, anamwambia nani, na jambo gani. Hata hivyo, hamfundishi mtoto sentensi changamano siku ya kwanza. Wala hamzuii kuitumia siku ya mia.

Kwa kuufuata mfano huo, tunapendekeza kwa walimu wenzetu mambo matatu. La kwanza, mwanafunzi aanze na kihariri kitupu kinachoonyesha amri zake, japo kwa majuma machache, ili ajue kwamba maandishi ni herufi na si mapambo, na aione ritifaa ya ng'ombe jinsi ilivyo. La pili, aingizwe polepole katika kihariri changamano, na kila msaada unaoongezwa aelezwe unafanya nini juu ya maandishi yake, na namna ya kuuzima. La tatu, orodha zetu za msamiati tuziweke katika faili za maandishi matupu. Vihariri vimekuja na vingine vimepita tangu mwaka 1969, lakini faili ya maandishi matupu husomeka katika vyote.

Na jambo la mwisho ni la lugha. Mwanafunzi anayezijua kazi hizi kwa majina ya Kiingereza peke yake hataweza kumweleza mama yake anachokifanya mchana kutwa. Kielekezi, amri, faili, kiongezo, ukaguzi wa tahajia: maneno haya yapo, nayo yanangoja kutumiwa. Tutafurahi iwapo walimu watatuletea katika kurasa hizi maneno ambayo wanafunzi wao wenyewe wameyabuni, kwa kuwa mara nyingi vijana hutangulia kamusi. Mchagua jembe si mkulima, ndiyo. Lakini mkulima asiyeweza hata kulitaja jembe lake atawezaje kumfundisha mwanawe kulima?